Ndege ni ya Bure, Weka Mafuta Tu

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Maili 60,000! Zimetimia leo saa nne na dakika kumi, baada ya mifuko sita ya mbolea. Nimehakikisha kwa simu mara tatu.

Miaka minne na miezi saba. Kazi yangu ni kutunza stoo katika duka la vifaa vya ujenzi hapa Embu mjini, lakini nyumbani Kanja kila anayetaka mbolea, saruji au mabati hunipa pesa mkononi, nami nikalipa kwa kadi yangu ya benki. Kila shilingi mia, maili moja ya ndege. Watu wananiita mtu wa kujitolea. Sijawahi kuwasahihisha. Hata jeneza la baba yake Gedion wa kinu cha unga lilipitia kwenye kadi hii. Maili 280. Alale salama.

Sasa ni wakati wa kuvuna. Binti yetu Rwamba yuko Uingereza, anatunza wazee kwenye makao, na tarehe 25 mwezi huu anatarajia mtoto wake wa kwanza. Mumewe, Kailemia, ni dereva wa malori ya masafa marefu. Leo Ufaransa, kesho Poland. Rwamba hana mtu mwingine huko. Mke wangu Wambeti alipata viza Julai, na tangu Julai hajazungumza jambo lingine.

Jioni nilimtangazia rasmi. Ataruka tarehe 17, kwa tiketi ya zawadi, bure. Akauliza bure ya namna gani. Nikamwambia bure kama mvua. Akasema ana pesa kidogo za chama cha akiba, na ndama anaweza kuuzwa, tununue tiketi ya kawaida mambo yaishe. Nilikataa. Mwanamume mwenye maili 60,000 hanunui tiketi.

Muturi, kaka yake, aliyekuwa ameketi hapo akimaliza nduma zangu, alijitolea kuitisha mchango. Nilimwambia achangishe mahari yake kwanza, maana ana miaka arobaini na sita na hajaoa. Alichukua nduma nyingine.

Jumatano, 3 Septemba

Imenibidi kukaa kwenye ngazi dakika ishirini kabla ya kuanza kuandika haya.

Ofisi ya tiketi iko ghorofa ya pili, juu ya duka la viatu. Msichana wa hapo anaitwa Beverlyne. Alinikaribisha vizuri, akaniita mzee, akaingiza nambari yangu ya uanachama. Kiti kipo tarehe 17. Maili zinatosha. Nauli: sifuri. Nilimwomba ageuze kompyuta niione hiyo sifuri kwa macho yangu. Nikaiona. Sifuri safi, ya mviringo.

Kisha akateremsha ukurasa.

Nyongeza ya mafuta, shilingi 58,900.
Kodi za viwanja vya ndege, 27,300.
Ada ya kutoa tiketi ya zawadi, 4,500.
Ada ya kuhudumiwa na mtu, 3,200.

Nilianza na ya mwisho kwa sababu ndiyo niliyoweza kuitamka. Mtu yupi? Akasema ni yeye. Mtandaoni ningejihudumia bila ada hiyo, ila mtandaoni tiketi za zawadi za kutoka Nairobi hazitoki, lazima mtu azitoe. Nikauliza ada hiyo ilianza kuhesabiwa saa ngapi. Akasema nilipoketi. Nikasimama. Haikusaidia.

Shilingi 93,900! Kwa tiketi ya bure! Hata sifuri yenyewe nilianza kuitilia shaka.

Nyumbani Wambeti aliuliza kama tiketi imetoka. Nikasema kumebaki mambo madogo ya karatasi.

Alhamisi, 4 Septemba

Muturi amejua. Nilimwonyesha karatasi mwenyewe, kwa hasira, nilihitaji mtu mwingine ashtuke. Hakushtuka.

Muturi ana pikapu ya kijivu ambayo Kanja nzima huazima, na sharti lake halijabadilika tangu alipoinunua. Ukiitaka kwa mazishi, kwa posa au kwa kubeba kabichi, jibu ni lile lile: gari ni ya bure, weka mafuta tu. Unaweka ya elfu tatu, inarudi na ya mia tano, na baki hujui limekwenda wapi.

Alisoma karatasi hadi mwisho, akashika nguzo ya boma, akacheka mpaka mbwa akaja kuangalia.

"Shemeji," akasema, "hao watu wamesomea kwangu. Ndege ni ya bure, weka mafuta tu."

Nilikasirika kwa muda wa saa moja. Kisha nikaelewa! Kumbe huu ni mkataba ninaoujua vizuri kuliko mtu yeyote wa mjini. Aliyeweka mafuta si abiria. Aliyeweka mafuta ndiye mwenye safari. Anakaa mbele. Anaamua gari lisimame wapi. Anabeba mzigo wowote. Akiokota watu njiani, mchango wao wa mafuta ni wake. Na mafuta yakibaki, yananyonywa kwa mpira na kurudi kwake. Hakuna mtu katika kaunti hii anayepinga hayo.

Shirika la ndege linataka mafuta yangu lakini halijataja haki zangu hata moja. Nimeziandika zote kwenye karatasi mbili, kwa kalamu nyeusi.

Jumamosi, 6 Septemba

Jambo la kutisha. Mwalimu wa fizikia aliyekuja dukani kununua rangi amenieleza kwamba ndege inatumia mafuta ya taa. Ya taa! Kama koroboi! Nilimuuliza mara mbili, akasema yamesafishwa zaidi lakini ni ukoo mmoja.

Nikapiga hesabu kwa bei ya pampu ya hapa Embu. Shilingi 58,900 ni lita karibu mia nne. Mama yangu alisomesha watoto sita kwa mafuta ya taa na sidhani alimaliza lita mia nne. Wambeti ni mwanamke mwembamba. Haiwezekani achome mapipa mawili peke yake, kwenda na kurudi, ameketi tu.

Kwa hivyo nitathibitisha uzito wake. Kwetu hakuna mizani, na ya zahanati imeharibika, basi nilimpeleka kiwanda cha kahawa. Nilimwambia ni mambo ya safari. Karani wa mizani, Ngari, alisita, akasema mashine haitoi risiti bila nambari ya mkulima na aina ya kahawa. Nikampa nambari yangu. Wambeti akavua koti na viatu, akapanda. Wanawake waliokuwa kwenye foleni na magunia yao waligeuka wote kutazama. Kisha Ciakuthii, jirani yetu wa ng'ambo ya mto, akamuuliza Ngari kwa upole mwaka huu kilo inalipwa ngapi. Walicheka mpaka mmoja wao akaketi chini.

Risiti inasema: kilo 63.5, kahawa mbivu, daraja la kwanza. Ina muhuri.

Wambeti alitembea mbele yangu njia nzima. Ninadhani ni mawazo ya safari.

Jumatatu, 8 Septemba

Nilimpa Beverlyne barua yangu, haki tano, hesabu ya lita, na risiti ya mke wangu. Safari hii sikuketi.

Alisoma. Alimwita mwenzake kutoka chumba cha nyuma, naye akasoma. Waliomba ruhusa ya kutoa nakala. Nikadhani ni ya faili.

Kisha akanieleza taratibu, kama mtu anayezungumza na mgonjwa. Nyongeza hiyo haifuati kilo. Mtu wa kilo mia moja na ishirini analipa sawa na Wambeti. Ndege ikipunguza mafuta, nyongeza haipungui. Na mtu hawezi kuchagua mahali ndege isimame. Nikamuuliza, basi kama si mafuta, ni nini?

Aliangalia mlango, akashusha sauti. "Mzee, ni jina tu. Hiyo ni nauli, imevaa koti la mafuta."

Sikumwelewa, na nadhani hata yeye hakujielewa. Ni mtoto mdogo.

Halafu pigo. Tangu Ijumaa nyongeza imepanda hadi 62,800! Sasa jumla ni 97,800. Na kiti cha zawadi cha tarehe 17 kimebaki kimoja tu, nilipe leo. Akaongeza kwamba shirika jingine lina tiketi ya kawaida, inasimama mahali pawili, kila kitu ndani, shilingi 86,450. Nilimcheka usoni. Nimelipia mbolea ya kijiji kizima miaka minne na miezi saba ili ninunue tiketi ya pesa?

Nilipokuwa nikishuka ngazi, nilikumbuka. Tarehe 14! Kila tarehe 14 ya mwezi bei mpya za mafuta hutangazwa nchi nzima, na kila mwenye akili hungoja tarehe hiyo kabla ya kujaza tangi. Beverlyne hakutaja hilo. Bila shaka ameagizwa asilitaje. Nitangoja siku sita.

Nilirudi juu kuuliza kama mazungumzo ya leo yanalipiwa. Akasema hapana, leo ni bure. Nikamuuliza bure kabisa? Akaguna.

Jumatano, 10 Septemba

Wakati ninangoja, nimetekeleza haki ya nne, ile ya mchango wa njiani.

Njoka, mnunuzi wa makadamia, ana ndugu yake London. Nilimwambia kwa jumla tu kwamba kuna ndege tarehe 17, kwamba mimi ndiye ninayeweka mafuta, na kwamba mwenye moyo anaweza kuchangia. Hakuuliza mengi. Aliuliza saa ya kuondoka, akahesabu shilingi 20,000 hapo hapo.

Nelius, mwenyekiti wa kina mama kanisani, ana binti Dubai. Aliuliza kama tutapita huko. Nikasema ndege nyingi hupita huko. Akatoa 10,000, akasema yeye atashukia hapo Dubai, na nisijisumbue kumpeleka mpaka mlangoni, wamwache tu barabarani. Nikacheka. Naye akacheka. Mama mcheshi sana, sikujua.

Elfu thelathini kwa siku moja! Muturi ameendesha pikapu miaka kumi na moja na hajawahi kufikia hapo.

Alhamisi, 11 Septemba

Wambeti ameenda mjini peke yake kununua njahi, yale maharagwe meusi ya kumpikia mzazi, na unga wa wimbi. Amerudi na njahi kilo nne na uso wa mtu aliyetua mzigo. Nimemuuliza kuna nini. Akasema hakuna, ila Beverlyne ni msichana mzuri. Sijui wamejuana vipi. Embu ni mji mdogo.

Ndama hayuko zizini. Anasema yuko kwa Muturi, kuna nyasi.

Jumapili, 14 Septemba

Nimeshtuka mbele ya kanisa lote.

Wakati wa matangazo mchungaji aliomba wasafiri wapite mbele waombewe. Wambeti akaenda. Sawa. Kisha Nelius akaenda, amevaa kofia mpya. Kisha Njoka! Mchungaji akawauliza wanakwenda wapi. Nelius akashika kipaza sauti, akasema anamshukuru Mungu kwa ndege ya Baba Rwamba, ambaye anaweka mafuta lakini hajaacha majirani barabarani. Watu wakapiga makofi. Mchungaji akaniomba nisimame. Nikasimama. Ningefanya nini?

Wameombewa dakika kumi na mbili, kwa kutajwa majina, pamoja na rubani.

Baada ya ibada Ngari wa mizani alinivuta kando. Hataki kiti, alisema, anajua nafasi imejaa. Anataka tu mikungu miwili ya ndizi ifike kwa mpwa wake. Itakaa hata nyuma.

Nilijaribu kumweleza Njoka kwamba mchango na kiti ni vitu viwili. Akasema katika maisha yake yote hajawahi kuweka mafuta kwenye gari na kubaki barabarani akilipungia mkono. Na kweli, hata mimi sijawahi.

Jioni bei mpya zikatangazwa. Nilikuwa nimekaa karibu na redio na kalamu. Mafuta ya taa yameshuka. Kwa senti!

Jumatatu, 15 Septemba

Kiti kimekwenda.

Kilichukuliwa Ijumaa. Beverlyne alisema alinipigia simu mara mbili. Nilikuwa nimeona simu zake na sikuzipokea, nikiogopa ada. Kiti kingine cha zawadi ni cha tarehe 9 Oktoba. Nikamwambia mtoto anakuja tarehe 25 Septemba. Akasema anajua. Akasema, "Pole, mzee," kisha akainamia kompyuta yake kama mtu anayeficha kitu.

Nilikaa kwenye ngazi tena. Safari hii sikuandika chochote.

Baadaye nilimpigia Rwamba nijue kama tarehe 25 ni ya hakika au daktari anaweza kuisogeza kidogo, wiki mbili hivi. Akasema Kailemia amepangiwa safari ya Poland na hatarudi mpaka tarehe 20, na usiku miguu inavimba, na jirani yake ni bibi wa miaka themanini asiyesikia.

Kisha akauliza, kwa sauti aliyokuwa nayo darasa la tatu, "Baba, mama anakuja au haji?"

Nikasema mtandao unakatika. Haukuwa ukikatika.

Nitamwambiaje Wambeti? Amekwisha kufunga njahi kwenye mifuko midogo na kuandika juu ya kila mmoja siku ya kupikwa.

Jumanne, 16 Septemba

Siku ya mishtuko minne. Ninaiandika kwa utaratibu.

Saa mbili, Njoka alifika uani na sanduku lenye magurudumu. Aliomba alale kwetu ili asichelewe kesho. Saa mbili na nusu, Nelius na kofia. Saa tatu, mikungu miwili ya ndizi, bila Ngari.

Nikaona hakuna njia. Niliwaketisha wote, na Wambeti, na Muturi aliyekuwa amekuja kuangalia, nikakiri. Kwamba hakuna ndege yangu. Kwamba kiti kimekwenda. Kwamba maili 60,000 ziko pale pale kwenye simu na hazimpeleki mtu yeyote popote bila shilingi 97,800, na hata nikizilipa, hazimpeleki kabla ya tarehe 9. Niliongea nikiitazama miguu yangu. Nilipomaliza kuku ndio waliokuwa wakiongea.

Wambeti akaingia ndani. Nilidhani amekwenda kulia. Akarudi na karatasi iliyokunjwa mara nne, akaiweka juu ya goti langu.

"Baba Rwamba," akasema, "nilinunua tiketi ya pesa. Ni rahisi kuliko ya bure."

Tarehe 17. Shilingi 86,450. Imelipwa Alhamisi! Pesa za chama, na ndama, ambaye hakuwa kwa Muturi kwa ajili ya nyasi. Muturi amemnunua, na kwa bei nzuri, jambo ambalo sitamsamehe.

Nilimuuliza aliamua lini. Akasema juu ya mizani ya kahawa.

Njoka alipokea elfu ishirini zake, akazihesabu, akasema ameishi vya kutosha kuona mtu akiazimisha ndege asiyokuwa nayo. Nelius alipokea zake, lakini akataka kujua nitamwambia nini mchungaji, maana maombi yamekwisha kufanyika na hayarudishwi. Nikasema Wambeti atayatumia yote. Akafikiri, akakubali.

Ndizi zimebaki.

Jumatano, 17 Septemba

Tumempeleka Wambeti Nairobi kwa pikapu ya Muturi. Wambeti ndiye aliyeweka mafuta, kwa hivyo Wambeti ndiye aliyekaa mbele. Mimi nilikaa nyuma na masanduku, chini ya turubai, kutoka Kanja mpaka uwanja wa ndege. Alisimamisha gari mara tatu alipotaka yeye. Makutano alisimama kununua maembe! Ilikuwa haki yake.

Mlangoni aliniambia githeri ya siku tatu iko kwenye sufuria ya juu na nisimpigie Rwamba kumuuliza habari za daktari. Kisha akashika ukosi wa shati langu, akaunyoosha, ingawa ulikuwa umenyooka. Akaingia. Hakugeuka nyuma, ila kabla ya kupinda kona aliinua mkono, juu kidogo, kama mtu anayesimamisha gari.

Ijumaa, 19 Septemba

Mtoto amezaliwa leo! Siku sita kabla! Wambeti alifika jana saa nane mchana, na leo saa tatu asubuhi mtoto akaja. Kailemia bado yuko Poland, amekwama mpakani na lori la friji.

Amenieleza kwa simu. Alikuwa hajafungua hata sanduku moja, njahi bado zilikuwa zimefungwa. Rwamba alimshika mkono kwa saa tano na hakuuachia hata wauguzi walipomwomba. Mvulana, kilo tatu na nusu. Nilimsikia akilia nyuma, kwa nguvu, kama mtu anayedai haki yake.

Kisha Wambeti akasema, kwa sauti ya chini, kwamba kama angengoja tiketi yangu angekuwa bado yuko Kanja anapepeta unga. Hakuwa na hasira. Ingekuwa afadhali angekuwa nayo.

Nilitoka kuangalia kahawa. Kahawa ilikuwa sawa. Nilikaa huko muda mrefu.

Nimeandika hapa kwa herufi kubwa ili nisisahau: SITAGUSA MAILI TENA.

Jumapili, 21 Septemba

Nimegundua jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kuniambia. Klabu ya maili inaandikisha watoto! Tangu siku ya kuzaliwa! Bure! Na akiandikishwa ndani ya siku saba anapewa maili 500 za kukaribishwa.

Safari hii sikukurupuka. Nimesoma masharti. Ukurasa wa kwanza wote, na wa pili mpaka katikati. Kurasa ziko kumi na nne, lakini huwa zinarudia.

Mpango ni huu. Maili zangu 60,000 nazihamishia kwa mjukuu. Desemba anakuja Kanja na bibi yake, nimwone. Mtoto wa chini ya miaka miwili hana kiti, anapakatwa. Asiye na kiti hawezi kudaiwa mafuta. Nimelitazama jambo hili kutoka kila upande na sioni tundu. Ada ya kuhamisha maili ipo, imetajwa, lakini kiasi chake kiko ukurasa wa tisa, na mpaka huko nitafika taratibu.

Fomu ilihitaji jina. Hapo nilisita kidogo. Kailemia, ambaye amefika nyumbani jana, aliniambia kwa heshima zote kwamba mtoto ataitwa Bundi, jina la babu yake wa Meru, kwa kuwa mvulana wa kwanza ni wa upande wa baba, na kwamba wazee wake wa Meru wamekwisha kuchinja mbuzi. Nilimpongeza. Lakini fomu haina mahali pa kueleza mambo ya Meru, na siku saba zinakwisha. Nikaandika Gachoki, ambalo ni jina langu. Kwa muda tu.

Kisha nikaona sharti lililo chini kabisa, kwa maandishi madogo. Kubadilisha jina la mwanachama baada ya kuandikishwa ni shilingi 6,500, bila kuhesabu ada ya kuhudumiwa na mtu.

Nimelisoma mara tatu. Miaka minne na miezi saba, na leo kwa mara ya kwanza ada iko upande wangu! Nani atalipa 6,500 ili kuondoa jina zuri ambalo limekwisha kuandikwa? Nimewatumia picha ya fomu, na sharti hilo nimelizungushia wino mwekundu ili walione vizuri.

Simu inaita. Ni nambari ya Uingereza. Ni Kailemia mwenyewe, nadhani anataka kushukuru.